Mhafidhina Anahifadhi Nini?

Neno "mhafidhina" lina asili moja na neno kuhifadhi. Sisi tuliokaa chuoni na juzuu mapajani kabla ya kukalia madawati ya shule ya Serikali tulilijua mapema neno hafidhi, yaani mtu aliyekihifadhi Kitabu kifuani. Mtu huyo aliheshimiwa mjini na kijijini, si kwa sababu alikuwa mgumu wa kubadilika, bali kwa sababu alichokuwa amekihifadhi kilikuwa na thamani kuliko mali. Kwa hiyo mtu anapojiita mhafidhina katika mambo ya uchumi, au wenzake wanapomwita hivyo, swali la haki la kumwuliza kwanza ni hili: anahifadhi nini?

Kwa muda wa miaka 40 hivi tumepewa jibu fupi mno. Mhafidhina wa uchumi, tumeambiwa, ni yule atakaye kodi zipunguzwe na soko liachwe huru. Akishayapata hayo mawili kazi yake imekwisha, na mengine yatajipanga yenyewe. Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anaposimama Bungeni hapa Dodoma kusoma Hotuba ya Bajeti, wapo watu wazima na wasomi ambao masikio yao husubiri jambo moja tu, yaani ni kodi ipi imeshuka. Wakisikia imeshuka hupongezana. Wakisikia imepanda hununa. Mkulima wa Mkalama au wa Chemba, ambaye hana mhasibu wala hajawahi kuomba msamaha wa kodi, hana nafasi katika furaha hiyo wala katika huzuni hiyo.

Tusiwe wasahaulifu, lakini. Imani ya soko huria haikuingia katika nchi iliyokuwa na neema tele. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa nafaka ukaangukia mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Kila mkulima wa umri wa makamo katika Mkoa huu anakumbuka yaliyofuata: stakabadhi badala ya fedha, malipo yaliyochelewa hadi msimu mwingine, mahindi yaliyonyeshewa mvua kwenye vituo vya kununulia kwa kukosa magari ya kuyasomba, na watu waliobeba magunia yao usiku kwa baiskeli kwenda kuyauza kwa mlanguzi kwa sababu mlanguzi alilipa papo hapo. Vita ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Hayati Ndugu Edward Moringe Sokoine, ilionyesha ukali wa ugonjwa. Haikuwa na uwezo wa kuzaa bidhaa madukani. Ruzuku ya sembe ikaondolewa mwaka 1984. Mwezi wa Agosti 1986 Serikali ya Awamu ya Pili ikatiliana saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama ikakutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, na mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya kurekebisha mashirika ya umma.

Huko nje upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Bibi Margaret Thatcher alishika madaraka Uingereza mwaka 1979, na Bwana Ronald Reagan akaingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981 na kupunguza kodi mwaka huo huo. Dawa waliyowapa watu wao ndiyo tuliyopewa nasi, tofauti ikiwa kwamba wao waliichagua kwa kura na sisi tulipewa tukiwa tumelala kitandani hatuna nguvu ya kukataa.

Dawa ile iliponya baadhi ya maradhi, na anayekataa hilo hana haki ya kusikilizwa. Sabuni ilirudi madukani. Mtu aliweza kusafirisha gunia lake la mahindi kutoka Mpwapwa hadi Morogoro bila kuvizia kizuizi barabarani. Atakaye ushahidi na aende Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro, aone malori yanavyopakia mahindi yaliyotoka Kongwa yenyewe, Kiteto na Gairo. Soko lile ni kubwa na lina manufaa makubwa. Lakini hata Kibaigwa haikujiotea kama uyoga baada ya mvua. Ililazimu liwepo eneo lililotengwa, barabara ya lami, utaratibu wa kuuza na kununua, na mtu wa kusimamia utaratibu huo. Soko ni kitu kinachojengwa, na kikiachwa hubomoka.

Hebu sasa tuondoke penye lami twende vijijini, tukaangalie jambo ambalo wanauchumi wa vitabuni hawaligusi kwa kuwa wanaliona dogo, nalo ni lumbesa.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini, lakini huenda gazeti hili likamfikia mtu wa mjini asiyejua. Gunia la kawaida la mahindi hujaa kwa debe sita hivi. Mnunuzi wa shambani halitaki hilo. Yeye hulijaza mpaka mdomo, kisha huliongezea kilemba cha gunia jingine au wavu, akakishonea juu kwa kamba, mpaka gunia linasimama kama mtu aliyebeba mtungi. Hapo debe zimekuwa saba, na pengine nane. Bei inayolipwa ni ya gunia moja.

Tupige hesabu nyepesi, ya kijiti juu ya mchanga. Mkulima anayeuza magunia 10 ya debe saba kwa bei ya gunia la debe sita ametoa debe 10 bure. Katika debe 70 alizovuna kwa jasho lake, 10 zimekwenda bila malipo, yaani asilimia 14 ya mavuno aliyoyauza. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana vizuizi vya ushuru vilikuwa vimegeuka kero. Lakini lumbesa inamtoza mkulima mara saba ya ushuru huo wa chakula! Kodi hii haikujadiliwa Bungeni wala haina risiti, na hakuna zahanati hata moja iliyopata kujengwa kwa fedha yake. Mtetezi wa kodi ndogo akiulizwa habari zake hana la kusema, kwa sababu katika kitabu chake anayetoza kodi ni Serikali peke yake.

Sheria ya vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo yupo. Mawaziri kadhaa na wakuu wa mikoa wamekwisha kupiga marufuku lumbesa, tena kwa maneno makali. Kinachokosekana ni mizani yenyewe pale kijijini siku mnunuzi anapofika na fedha mkononi, na mwenye mazao ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa sare. Mwenye shida hapimi. Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin, na mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akituambia kwamba dhambi hiyo imewekewa sura yake kwa kuwa ndiyo inayoharibu soko kutoka ndani. Wafanyabiashara waungwana wa pwani walilijua hilo karne nyingi kabla ya vitabu vya uchumi kuandikwa: pishi iliyopunguzwa huvunja soko upesi kuliko kodi.

Kutoka mahindi twende kwenye alizeti, ambayo ni habari yenye uchungu zaidi kwa watu wa Singida na Dodoma.

Alizeti inapendana na uwanda wetu wa kati. Huvumilia mvua haba, mbegu yake hukamuliwa hapa hapa, na mashudu yake ni chakula cha mifugo. Viwanda vidogo vya kukamua vimeenea Singida mjini, Iramba, Manyoni na hata Kibaigwa, na kando ya barabara kuu utaona madumu ya mafuta yamepangwa yakimetameta juani. Taifa hata hivyo limekuwa likiagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, hasa mawese ya Asia. Kwa ajili hiyo katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa forodha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa mafuta yaliyosafishwa. Mwaka 2021 Serikali ikaongeza juhudi: Singida, Dodoma na Simiyu zikateuliwa kuwa mikoa ya kipaumbele, na mbegu bora za bei ya ruzuku zikagawiwa. Wakulima waliitika. Watu waliokuwa wakilima ekari mbili walilima tano.

Ndipo ilipokuja misukosuko ya dunia. Vita ya Ukraine ilizuka Februari 2022, na kwa majuma kadhaa kuanzia mwishoni mwa Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke nje. Bei ya mafuta ya kula ikapanda kila mahali, na akina mama wa mjini wakalalamika, nao walikuwa na sababu. Katika mwaka wa fedha 2022/23 ushuru ukalegezwa. Mafuta ya nje yakaingia wakati bei ya dunia imekwisha kushuka, na msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka mikononi mwa watu wale wale waliohimizwa kulima. Wabunge wa mikoa hii wakapaza sauti, na bajeti ya 2023/24 ikapandisha ushuru tena.

Tazama, ndugu msomaji, jambo hili lilivyo. Mkono mmoja ulimpa mkulima mbegu, na mkono mwingine, kabla hajavuna, ukamfungulia mshindani wake mlango. Kila mkono ulikuwa na hoja yake. Aliyepunguza ushuru alifikiri habari ya mlaji, na aliyegawa mbegu alifikiri habari ya mzalishaji. Hapana hata mmoja aliyemdanganya mwenzake. Walikuwa tu hawajaketi meza moja. Mfuasi wa soko huria atasema kosa lilikuwa kuweka ushuru tangu awali. Mimi nasema kosa lilikuwa kuufanya ushuru kuwa kitu cha mwaka mmoja mmoja, kinachopanda na kushuka kama homa ya vipindi. Mwenye kiwanda kidogo cha Singida hawezi kukopa fedha za kununua mtambo wa kusafisha mafuta, deni la miaka mitano au sita, huku hajui bajeti ijayo itamwambia nini. Mwenye mtaji mkubwa wa bandarini yeye hana shida: ushuru ukishuka huagiza, ukipanda husubiri.

Habari ya mbaazi ni fupi. Wakulima wa Kondoa na majirani zao wa Babati waliipanda kwa wingi kwa kuwa India ilikuwa ikinunua. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, bei ikaporomoka, na mbaazi zikakosa mnunuzi. Hapakuwa na kodi ya kupunguza hapo. Nchi yenyewe iliyokuwa ikihubiriwa kama soko letu iliamua kuwalinda wakulima wake, bila kuomba radhi kwa kitabu chochote cha uchumi.

Turudi kwenye kodi zenyewe, maana hapa ndipo wahafidhina wa maneno huwa na sauti kubwa.

Hatusemi kwamba kodi ni ibada. Kodi ya maendeleo, ambayo watu wetu waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilikuwa na fedheha zake. Wanaume walikimbilia porini mgambo walipokuja, na siku ilipofutwa mwaka 2003 hapana aliyeililia. Lakini halmashauri zetu zilipoteza chanzo chao na zikabaki kutegemea ruzuku ya Hazina. Mkutano wa kijiji uliokuwa na haki ya kumwuliza mwenyekiti "fedha zetu ziko wapi?" sasa huambiwa fedha hazijashuka kutoka juu. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu, lakini ni hasara. Mtu anayechangia ana ulimi; asiyechangia huombwa awe na subira.

Wakati huohuo tulikuwa wakarimu mno kwa wakubwa. Tulijifariji na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Sheria ya madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa asilimia 3 tu kwa dhahabu pamoja na unafuu mwingine mwingi wa kodi. Ikahitaji Tume ya Jaji Mark Bomani mwaka 2008, sheria mpya ya 2010 iliyopandisha mrabaha hadi asilimia 4, na mageuzi ya 2017 yaliyoufikisha asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16, ndipo mwenyeji akaanza kupona. Katika mwaka wa fedha 2011/12 peke yake, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha misamaha ya kodi ya shilingi trilioni 1.8 hivi. Hiyo ni fedha ya mizani, maghala na malambo ambayo nchi ilichagua kutoikusanya, kwa matumaini kwamba waliosamehewa wangefanya jambo ambalo hawakulazimika kulifanya.

Si kila unafuu ni mbaya. Zabibu za Dodoma zinatufundisha. Mmea huu ulioanza kustawishwa na wamisionari wa Kikatoliki huzaa mara mbili kwa mwaka katika ardhi yetu, na kwa miaka mingi mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 umetozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita, wakati wa nje ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000. (Mvinyo si kinywaji cha mwandishi huyu, na sababu zake anazijua kila aliyesoma chuoni; lakini mzabibu ni mti wa heri, na mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ana watoto wa kusomesha kama mwingine yeyote.) Punguzo hili lina sharti: nunua kwa mkulima wetu, ndipo upate. Hapo ndipo linapotofautiana na ukarimu wa 1998. Hata hivyo zipo nyakati mkulima huyo anakata vichala vyake na hapati pa kuvipeleka, kwa sababu matangi ya kusindika hayatoshi na zabibu haisubiri. Punguzo la kodi haligandishi tunda. Kinachohitajika baada yake ni vyumba vya baridi na mitambo ya kutengeneza mchuzi wa zabibu karibu na mashamba, na vitu hivyo mtu binafsi mdogo hawezi kuvijenga peke yake, wala mkubwa hana haraka navyo.

Wapo watakaosema: mwandishi huyu anataka kuturudisha kwenye amri na operesheni. La. Hapa kwetu Dodoma tuna kaburi la mpango mkubwa, na kila kijana anayesoma uchumi angepaswa kupelekwa kulizuru. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ya Kongwa ili kupanda karanga, ikikusudia kulima zaidi ya hekta milioni moja katika Tanganyika. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya miti, udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua haikufuata ratiba ya London, na Januari 1951 mpango ukatupwa baada ya kuteketeza paundi zipatazo milioni 36. Wazee wa Kigogo walijua mvua za Kongwa. Hawakuulizwa. Na Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ingawa ilikuwa na nia ya kuwakusanya watu karibu na maji na shule, nayo ilihamisha kaya nyingi kwa haraka kuliko ardhi ilivyoweza kuzilisha.

Kuishuku mipango mikubwa iliyobuniwa mbali ndiyo hekima bora kabisa ya mhafidhina, nami naikubali. Lakini ikiwa ni hekima, basi itumike pande zote. Mpango wa 1986 nao ulikuwa mpango mkubwa uliobuniwa mbali. Cheti kile kile cha dawa kiliandikiwa Ghana, Zambia na Tanzania, nchi zenye mvua, ardhi na historia tofauti. Shirika la reli lilikabidhiwa kampuni ya kutoka India mwaka 2007, na ubia huo ukavunjika baada ya miaka michache. Reli ya kisasa iliyoanza kutuletea abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 imejengwa kwa fedha na mikopo ya umma. Mhafidhina aliyekuwa macho angeuliza katika kila hatua: huku tukibomoa hiki, ni nani atakayeshika mahali pake?

Wenye dawa wenyewe wameanza kuitilia shaka. Septemba 2022 Bibi Liz Truss, Waziri Mkuu wa Uingereza, alitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuonyesha fedha za kuliziba. Masoko ya fedha, yaliyodhaniwa kuwa rafiki zake, yakamkimbia, naye hakutimiza siku 50 madarakani. Marekani, Bwana Oren Cass na wenzake walianzisha chama cha fikra cha American Compass mwaka 2020, wakiwaambia wahafidhina wenzao kwamba kazi yenye ujira wa kutunza familia ni jambo la kuhifadhiwa kuliko bei rahisi ya bidhaa. Serikali zao za karibuni zimepandisha ushuru wa forodha kwa kishindo ambacho sisi tungekemewa kwacho mwaka 1986. Sisemi tuwaige, ushuru unaopandishwa kwa hasira una madhara yake, nasi tumeuona ule wetu wa alizeti. Nasema tu kwamba haya si mageni hata kwao. Bismarck wa Ujerumani, mhafidhina asiyeshukiwa, ndiye aliyeanzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883 na pensheni ya uzee mwaka 1889. Zanzibar yetu ilianza kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 mwezi wa Aprili 2016.

Basi tulirudie neno letu. Katika uwanda huu wa kati neno hifadhi lina historia ya kweli. Miaka ya 1917 hadi 1920 Wagogo walipigwa na njaa waliyoiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ulikuta maghala matupu, na inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Tangu hapo mtu wa Ugogo anajua kwamba mavuno mazuri hayatoshi ikiwa hakuna akiba. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwishoni mwa 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,250. Ilikuwa hatua chungu, na wenye ng'ombe ndio waliobeba mzigo wake. Lakini majani yalirudi, miti ikarudi, na baadaye ufugaji wa ng'ombe wa maziwa zizini ukaruhusiwa. Bei ya soko isingeweza kuliziba korongo hata moja la Kondoa, kwa maana hakuna mtu aliyekuwa akiliuza wala kulinunua. Na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mwenye maghala yake hapa Kizota, anabeba neno hilo hilo katika jina lake.

Hayo ndiyo ya kuhifadhi: akiba ya nafaka, rutuba ya ardhi, kipimo cha haki, na kaya inayoweza kulima mwaka huu ikijua mwaka ujao hautageuzwa kichwa chini. Kodi iwe ndogo pale inapomlemea mnyonge, soko liwe huru pale penye mizani. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2005, na inamwezesha mkulima kuweka mazao ghalani akapata mkopo badala ya kuuza kwa bei ya kutupa wiki ya mavuno. Benki ya Ushirika ilizinduliwa hapa hapa Dodoma tarehe 28 Aprili 2025. Vyombo hivyo visiachwe viwe majengo ya kupigia picha. Vishuke hadi Mkalama na Bahi, na uongozi wa vyama vya msingi ukaguliwe kwa ukali, kwani mkulima aliyeibiwa na chama chake mwenyewe hana tofauti na aliyeibiwa na mlanguzi.

Liko na jambo jingine linaloweza kufanywa bila kutumia hata senti moja. Alizeti hupandwa mvua zinapotua, Desemba na Januari, na huvunwa Mei na Juni. Bajeti husomwa Juni. Maana yake mkulima wa Iramba huambiwa ushuru wa mshindani wake ukiwa kiasi gani siku zile zile anapopeleka magunia kwenye mizani, miezi sita baada ya kufanya uamuzi ambao hawezi tena kuubadilisha. Wizara ya Fedha na Wizara ya Kilimo zikubaliane, pamoja na wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiwango cha ushuru wa mafuta ya kula kwa misimu mitano mfululizo, nacho kitangazwe mwezi wa Oktoba, kabla jembe halijaingia ardhini.